Ombi la Kumruhusu Baba Mkwe Aridhike na Kasha Lake la Spika

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Mikono Yako",

Kuhusu: Sentensi moja ya gazeti lako iliyonizuia kuoa

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa vizuri kwenye kiti chako. Mimi pia ni mzima, ila nimekaa kwa upande mmoja, kwa sababu nitakazozieleza katika lalamiko la tano.

Kwanza naomba radhi kwa kukuandikia bila kujitambulisha. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ambayo sitaitaja. Nina elimu ya kutosha na woga wa kuzidi. Jina langu nimelificha, si kwa kukuogopa wewe, ingawa nakuogopa kidogo, bali kwa sababu baba mkwe wangu mtarajiwa husoma ukurasa wako kila Jumamosi, toka kichwa cha habari mpaka jina la mpiga chapa, akiwa na penseli nyekundu mkononi. Kwa hiyo ukiamua kuichapa barua hii, nakusihi uiweke kwenye ukurasa wa mashairi. Huko hajawahi kufika.

Baba mkwe ni mkaguzi mstaafu wa mizani. Maisha yake yote ya kazi alipita duka hadi duka akihakikisha kwamba kilo ni kilo. Mtu wa namna hiyo, Ndugu Mhariri, akipewa maelekezo hayasomi tu. Anayatii.

Nilipopeleka posa alinipokea kwa wema. Alisema hana neno juu yangu, isipokuwa jambo moja dogo. Alikuwa ametoka kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake, ambako spika za kukodi zilikohoa wakati wa hotuba ya baba wa bibi harusi, hata wageni wakadhani mzee wa watu ana kifua, mmoja akamletea maji ya moto. "Binti yangu," akasema baba mkwe, "hatatolewa hapa na spika zenye kikohozi. Nitatengeneza ya kwangu. Ikiwa tayari, oaneni hata siku hiyo hiyo." Wiki ile ile ukurasa wako ukaanza makala ya Fundi wa Jumamosi yenye kichwa "Jitengenezee Kasha la Spika kwa Plaiwudi". Nikamshukuru Mungu. Kwa hesabu zangu kasha ni mbao sita na tundu moja. Nilidhani ningeoa kabla ya mvua. Mvua zimekuja, zimekwisha, na sasa zinajiandaa kurudi.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Sentensi yenyewe. Sehemu ya mwisho ya makala ilifungwa kwa maneno haya: "Fundi mzuri haridhiki upesi." Ndugu Mhariri, nani aliwatuma? Kazi ilikuwa imekwisha. Vipimo vilikuwepo, gundi ilikuwepo, spika ilikuwa inaimba. Nafasi iliyobaki mngeweza kuweka tangazo la sabuni. Baba mkwe aliikata sentensi ile kwa mkasi, akaibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi, na tangu siku hiyo kila anapokaribia kuridhika huinua macho, huisoma, hushusha pumzi, kisha huchukua msumeno. Kasha la kwanza lilikuwa zuri. Mama mkwe alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akasema, "Mzee, hili limetosha, waoze hawa watoto." Akajibiwa, "Limetosha kwa nani? Soma hapo ukutani." Mama mkwe akasema hana miwani. Tunaambiwa subira huvuta heri. Heri yangu imevutwa mpaka kamba inaanza kutoa nyuzi.

2. Cheo nilichopewa. Sikukiomba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa msumeno siku ya kwanza, kabla ya chai. Sababu ni kwamba Fundi wa Jumamosi aliandika kuwa kazi hii "hufaa kufanywa na watu wawili". Baba mkwe alitazama gazeti, akanitazama mimi, akasema, "Wewe ndiye wa pili." Akaongeza kwamba hata kwa heshima ya nyumba ni afadhali iwe hivyo. "Mchumba haji nyumbani kwa watu hivi hivi kila jioni. Majirani wana macho. Lakini fundi msaidizi anakuja wakati wowote." Basi mimi huingia kwa mlango wa nyuma, nimevaa aproni. Mchumba wangu, ambaye ni mshonaji na ana ulimi uliotiwa makali pamoja na mkasi wake, hunipokea mlangoni akisema, "Karibu fundi. Leo unatuvunjia nini?"

3. Mchoro. Hapa nakuomba ukae vizuri zaidi. Katika sehemu ya tatu mlichapa mchoro wa kasha likiwa limekatwa katikati, ili msomaji aone ndani palivyo. Mimi nilifundishwa michoro ya aina hiyo shuleni, na nilipata alama nzuri. Najua kwamba kilichokatwa ni picha. Baba mkwe, alipomaliza kasha, akalipiga msasa, akalipaka vanishi hata likang'aa kama kiatu cha bwana harusi, alilisimamisha kando ya gazeti kulilinganisha. Akatazama huku, akatazama kule. "Hapa tumesahau kitu," akasema. "La kwenye gazeti liko wazi upande mmoja. La kwetu limefungwa."

Nikasema, "Baba, labda..." Akageuka. "Labda nini?" Ndugu Mhariri, wewe una mkwe? Basi unajua. Nikasema, "Labda mimi nishike upande huu."

Tukalikata katikati kwa msumeno wa mkono, juu hadi chini, yeye akivuta na mimi nikivuta. Tulipopitisha msumeno kwenye tundu la spika, tundu likagawanyika likawa nusu mwezi huku na nusu mwezi kule. Tulipomaliza alirudi kwenye mchoro akaona kwamba kingo zilizokatwa zina mistari ya mshazari. Akanipa penseli na rula. Nikaichora yote, Ndugu Mhariri, kwenye kingo zote, kwa nafasi zinazolingana, nikijua fika kwamba mistari ile ni alama tu ya mchoraji. Akaisifu. Alisema ukarani umenipa mkono mzuri.

Mama mkwe alipokuja kuona, alizizunguka nusu zote mbili. Kisha akachukua nusu moja akaiegemeza jikoni, akapanga vikombe ndani yake. "Hii," akasema, "ndiyo spika ya kwanza niliyoipenda." Nusu ya pili anafugia kuku anayetaga.

4. Vitu vya ndani. Makala yalishauri kasha lijazwe kitu laini ili sauti isigongegonge ukutani. Hamkusema laini kiasi gani, wala cha nani. Baba mkwe alianza na mto wake, akaona sufi yake imechoka. Akaenda kwenye mto wa mama mkwe, kisha mito ya wageni, kisha akamkumbuka dada yake. Shangazi ndiye mkubwa wa ukoo na ana mto aliokuja nao siku alipoolewa. Alipolala akaamka kichwa kikiwa sambamba na godoro, alifuata nyayo za sufi toka chumbani mpaka kwenye meza ya kazi. Maneno aliyoyasema siwezi kuyaandika kwa mwandiko huu mzuri. Lakini mimi sikupata nafuu yoyote katika ugomvi ule, kwa maana wakati wakibishana baba mkwe aliniuliza kama mimi kwangu ninalalia nini.

Na katika kuniuliza hivyo akakumbuka mbao. Nilikuwa nimeagiza kwa seremala mbao za kitanda cha harusi, zimekauka vizuri, nimezihifadhi kwa baba mkwe kwa sababu chumba changu kina unyevu. "Kitanda kinaweza kusubiri," akasema, "maana hakuna wa kukilalia mpaka spika iishe." Nilitafuta kosa katika hoja hiyo. Sikuliona. Ubao wa kichwani wa kitanda changu sasa ndio uso wa kasha la pili, una tundu la mviringo katikati, na humo hutokea msoma habari.

5. Uzito. Katika sehemu ya pili mlisema kwamba asiye na jiliwa za kubania mbao anaweza kuweka kitu kizito juu ya kasha mpaka gundi ikauke. Mkataja na kilo. Kwa nini mkataja kilo mbele ya mkaguzi wa mizani? Mtu huyu alipostaafu alipewa zawadi ya mizani ya magunia, na kwa muda mrefu haikuwa na kazi.

Kwanza aliitwa shangazi. Alikuja akidhani ameitiwa suluhu ya mto. Alipoelezwa akashika kiuno. "Kaka! Umeniita nije nikalie gundi? Mimi jiwe?" Hata hivyo chai ilikuwa imeshamiminwa, akakaa. Alikaa vizuri kabisa, na kasha lilitulia chini yake kwa adabu, mpaka alipomwona muuza mboga akipita dirishani. Shangazi na muuza mboga wana mambo yao. Aliinuka kwa ghafla, na kasha likainuka naye upande mmoja, likakauka hivyo hivyo. Hilo ndilo kasha la tatu. Limeinama mpaka leo kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Ndipo nikapandishwa mimi kwenye mizani. Baba mkwe alisogeza vyuma, akasogeza tena, akakunja uso kama aliye mbele ya muuza sukari mwenye hila. "Unapungua," akasema. Nilijitetea kwamba ni mawazo. Akamwita binti yake atoke kwenye cherehani. Tulipopanda pamoja, mkono wa mizani ulipanda, ukashuka, ukanyooka ukatulia. Baba mkwe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mnatosha," akasema. Wenzangu hupewa baraka za mkwe kwa mikono na maneno. Mimi nilipewa kwa kilo.

Tangu hapo kila jioni mimi na mchumba wangu tunakaa juu ya kasha, bega kwa bega, tumeelekea ukuta wenye sentensi yenu, mpaka gundi ikauke. Yeye huja na nguo zake za kupinda. Mimi huja na miguu yangu tu, nayo hufa ganzi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nimelisikia, na guu limevunjika vile vile. Siku moja gundi ilitoka kwenye maungio bila kuaga. Nilipotaka kuinuka, nilibaki. Kikulacho ki nguoni mwako, nami suruali yangu mwenyewe ilinishika nikashindwa kujitoa. Mchumba wangu alinitazama, akaitazama suruali, akatoa mkasi. Alinikata kwa ustadi mkubwa, kitambaa cha mviringo, akanifunga kanga kiunoni, nikaenda nyumbani kwa njia za uani. Kitambaa kilibaki kwenye kasha. Nilimwomba baba mkwe anisaidie kukibandua. Akakigonga kwa kidole, akatega sikio. "Kiache," akasema. "Kinapunguza mtetemo."

Ndiyo sababu ya kukaa upande mmoja. Gundi nyingine haikubaki kwenye suruali.

6. Ukimya. Mliandika kwamba gundi "isisumbuliwe" inapokauka. Baba mkwe ameona kwamba maneno husumbua. Kwa hiyo jioni nzima nyumba ile hunong'ona. Mama mkwe huosha sufuria kama mtu anayeosha mayai. Kuku aliye kwenye nusu ya spika alihamishiwa kwa jirani kwa sababu alitaga kwa kelele. Na mimi na mchumba wangu, tunaokaa bega kwa bega, tumekatazwa kusema hata neno, kwa kuwa tuko karibu zaidi na gundi.

Mchumba wangu akatumia chaki yake ya kushonea. Alipinda mkono kando ya goti lake akaandika kwenye ubao wa kushoto wa kasha, "Umekula?" Nikachukua chaki nikaandika, "Kidogo." Akaandika, "Mwongo." Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilimweleza kwa chaki kwamba ofisini faili limepotea. Akanieleza kwa chaki kwamba kuna mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kushonewa, na anamlaumu fundi cherehani. Nilipomwandikia kwamba nimechoka, nitakuandikia wewe, Mhariri, nikushitaki kwako mwenyewe, aliandika neno moja tu: "Thubutu!"

Lakini chaki hubaki, na baba mkwe ana macho. Kwa hiyo kila jioni kabla hatujashuka napiga msasa maneno yote mpaka yafutike. Matokeo yake ni kwamba ubao wa kushoto wa kasha la nne umekuwa mwembamba kuliko mingine. Baba mkwe ameupima, amekunja uso, amelalamika kwamba plaiwudi za siku hizi haziaminiki. Mimi nimekubaliana naye. Sasa wauza plaiwudi nao wamo hatarini, maana anasema atawafuata.

7. Sikio langu. Fundi wa Jumamosi alishauri, katika sehemu ya nne, kwamba aulizwe mtu asiye fundi, "kwani husikia kasoro asizozisikia mwenye kazi". Mtu huyo ni mimi. Spika hujaribiwa kwa taarifa ya habari, kwa sababu baba mkwe haamini muziki. Anasema muziki huficha, lakini sauti ya mtu ni kipimo. Msoma habari huanza, na baba mkwe hunigeukia. "Unasikia nini?" Mara ya kwanza nilisema nasikia vizuri sana. Akasema, "Vizuri si jibu. Hiyo ni adabu." Mara ya pili nikatumia neno nililolisikia kwa vijana wa mtaani: nikasema besi iko mbali kidogo. Sikujua maana yake, Ndugu Mhariri. Nilitaka tu nionekane nina maoni. Alilifungua kasha lote.

Sasa ameweka kiwango. Anasema hataridhika mpaka amsikie msoma habari akimeza mate. "Kila mtu anameza mate," anasema. "Huyu bwana anasoma habari nzima, lazima humeza. Kama hatumsikii, kasoro ni yetu." Jioni zetu hupita tukiwa tumeinamisha vichwa mbele ya ubao wa kitanda changu, watu wazima wanne na shangazi, tukisubiri koo la mtu asiyetujua. Juzi nchi fulani ilitangaza vita na nchi nyingine, sikumbuki zipi. Hakuna aliyekuwa anasikiliza habari.

8. Ofisini. Nimeanza kugonga vitu. Nagonga milango, makabati, ndoo. Wiki iliyopita karani mkuu aliniita kunionya juu ya vumbi la mbao katika majalada, na wakati akisema nilijikuta nimeinama nikaigonga meza yake kwa kifundo cha kidole. "Plaiwudi," nikasema. Alikuwa anatuambia miaka yote kwamba ni mvule. Tangu siku hiyo hanisalimii, na meza yake ameifunika kwa kitambaa.

9. Siku za usoni. Hili ndilo linaloniondolea usingizi. Kasha la nne linakaribia kumalizika, na wakati tukisafisha meza baba mkwe ameonekana mara mbili akiutazama mlango wa chumba cha wageni kwa upole usio wa kawaida. Mlango ule ni ubao mmoja mzima, umenyooka. Nimefikiri: baada ya mlango kuna kabati, baada ya kabati kuna paa. Nyumba yote itakuwa kasha, sisi tutakuwa sufi, na mimi nitazeeka nikiwa mchumba. Wahenga walionya: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Yule mteja aliyenenepa, nimearifiwa kwa chaki, ni mwanamume, amefiwa na mke, na ana kitanda.

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, sisemi kwamba gazeti lako lina hatia. Nasema tu kwamba bila gazeti lako ningekuwa nimeoa. Naomba basi, kwa unyenyekevu:

(a) Uchape masahihisho yasemayo: "Katika toleo lililopita tuliandika kwamba fundi mzuri haridhiki upesi. Tulikusudia kusema kwamba huridhika kabla ya mwisho wa mwezi." Yawekwe ndani ya mstari wa mraba, kwani baba mkwe huamini zaidi kitu kilichomo ndani ya sanduku.

(b) Ikiwa (a) haiwezekani, uchape tangazo kwamba wasoma habari wote wa redio wamezuiwa na daktari kumeza mate wakiwa kazini. Hapo baba mkwe hatakuwa na cha kusubiri.

(c) Ikiwa hata (b) ni nzito, utangaze kwamba Fundi wa Jumamosi ameiaga dunia. Simtakii mabaya, Mungu ampe umri mrefu, ila asiuonyeshe hadharani. Baba mkwe ni mtu wa heshima na ataweka zana chini kwa maombolezo, nami nitaoa katika kimya hicho. Ingawa, nikifikiri zaidi, huenda akaanza kasha la kumbukumbu. Kwa hiyo (c) usiifanye kabla ya kuniuliza, na kuniuliza huwezi kwa sababu sijakupa jina. Rudi kwenye (a).

Nafunga hapa kwa kuwa muda wa chakula cha mchana umekwisha, na karani mkuu anapita akishika kitambaa cha meza yake. Nisalimie wapanga kurasa, mpiga chapa ambaye jina lake tunalisoma kila Jumamosi, mhudumu anayekuletea chai, na wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Kama una mkwe, msalimie kwa sauti ya chini. Fundi wa Jumamosi naye nisalimie, mkono wake usiingie kibanzi.

Ni mimi, msomaji wako mtiifu, anayekuogopa kidogo,

Fundi Msaidizi
(Karani)

Nyongeza baada ya sahihi:

Ndugu Mhariri, bahasha hii nimeifungua tena kwa mvuke, kwa hiyo usishangae ikiwa imekunjamana.

Nikiwa njiani kwenda posta nilipita kwa baba mkwe kurudisha msasa. Nikawakuta wote mbele ya kasha la nne, na taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza. Msoma habari alisoma, akasoma, akafika mwisho wa sentensi ndefu kuhusu bei za mazao, akanyamaza. Kisha tukasikia, sote, hata mama mkwe asiye na miwani: gluk. Baba mkwe akaiinamia spika, akasema taratibu, "Pole, bwana."

Alinyanyuka, akaibandua ile sentensi ukutani, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Akasema, "Nimeridhika." Aliweka kiganja kwenye ubao wa kushoto, ule mwembamba, akatikisa kichwa. "Siri iko hapa. Sauti inapita hapa kama hakuna ubao. Sijui nilipima vipi." Mchumba wangu akaangalia dari.

Harusi ni mwezi ujao. Mbao nyingine za kitanda atanipa yeye. Nilitaka kumshukuru, lakini alinishika bega kwa upole wa baba. "Sasa pumzika, mwanangu," akasema. "Kazi imekwisha. Huna haja ya kuja tena mpaka siku ya harusi. Majirani wana macho." Akanivua aproni kwa mikono yake mwenyewe. Nikatoka kwa mlango wa mbele.

Sasa ni jioni. Nimekaa kwenye kiti, Ndugu Mhariri. Kiti kizima, chenye mgongo, kisicho na gundi, na miguu yangu yote miwili ina uhai. Kimya ni kingi na hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, toka la kwanza mpaka la tisa. Masahihisho usiyachape. Sentensi yenu ni nzuri sana, irudieni kwa herufi kubwa. Namwomba Fundi wa Jumamosi atoe haraka makala ya kitu kingine, kidogo tu, labda kigoda cha kuwekea spika, au kasha la pili, maana sijapata kuona harusi yenye spika moja. Kiwe na maungio mengi. Asisahau kuandika kwamba kazi hufaa kufanywa na watu wawili.

Shangazi ameingia sasa hivi, akinung'unika kwamba jana jiwe, leo tarishi. Amenipa kipande cha plaiwudi kutoka kwa mchumba wangu. Kimeandikwa kwa chaki pande zote mbili. Upande mmoja kinasema, "Umekula?" Upande wa pili kinasema, "Kama bado hujaituma, mwulize Mhariri ni gundi gani inachelewa kukauka kuliko zote."

Tunasubiri jibu lako.